Vidole vya Kiapo

Alsterode, siku ya Mtakatifu Matiya, mwaka 1437

Mdogo wangu Jutta, Mama Mkuu wa masista wa Lindenborn,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye tangu mwezi jana ni askofu, na tangu mwezi jana amepungukiwa na jino.

Usicheke. Najua umeshacheka. Mbali na sisi wawili tuliogombea, tuliingia kanisani na makanoni kumi na wawili, mapadre wa baraza la jimbo, kumchagua askofu mpya. Saba wakanitaja mimi, watano wakamtaja Volkmar wa Kressen. Mtoto anayejifunza kuhesabu kwa maharage angejua nani kashinda. Lakini Volkmar akasimama akasema, "Kura hazihesabiwi kama mbuzi, hupimwa. Watano wangu wana akili kuliko hao saba wako." Nikamwambia, "Basi kawapime kwenye mizani ya muuza nyama." Hapo ndipo kinara cha mshumaa kiliponitua mdomoni.

Tulipigana, Jutta. Mapadre wazima, wenye mvi, tulishikana makoo mbele ya altare. Mzee Tilmann aling'atwa sikio likabaki linaning'inia. Damu ilitapakaa ngazini hata ikabidi kanisa libarikiwe upya kabla sijaimba misa yangu ya kwanza, na niliiimba huku ulimi ukitafuta jino mahali lilipokuwa. Volkmar alitoroka hadi ngome ya ukoo wake kule Kressen, akapata askofu mpita njia wa kumwekea mikono. Sasa jimbo moja lina maaskofu wawili, na kila mmoja ameshamtenga mwenzake na Kanisa.

Itakuwa vita, na mimi sina hofu nayo. Hofu yangu ni Eckhart. Mtoto wa marehemu dada yetu yuko Kressen, na tuliompeleka huko ajifunze silaha ni sisi wenyewe, enzi hizo Volkmar akiitwa rafiki yangu. Mwandikie atoke. Mimi nikimwandikia ataona ni amri ya mjomba. Wewe umemlea, atakusikia. Simtaki ndani ya kuta zile siku nitakapokwenda kuzivunja.

Gerlach, kwa neema ya Mungu Askofu wa Alsterode


Lindenborn, Jumapili ya nne ya Kwaresima

Kaka Gerlach,

Nimecheka, ndiyo, kisha nikaona haya. Pole kwa jino. Mama alikuwa akisema mdomo wako utakuponza, ila hakujua utafika nao mpaka altareni.

Eckhart nimemwandikia. Amejibu hivi, nakunukulia alivyosema: "Mama mdogo, nimekula mkate wa Volkmar, nimevaa nguo zake, farasi ninayempanda ni wake. Nikimwacha leo kwa sababu ana shida, kesho utanitazamaje?" Nimeisoma barua hiyo nikakasirika, halafu nikajivuna, halafu nikakasirika tena. Amekuwa mwanamume, na amechagua siku mbaya ya kuwa mwanamume.

Huku kwetu wamefika wajumbe wa pande zote mbili asubuhi moja. Wako akataka tukuombee wewe katika misa, wa Volkmar akataka tumwombee yeye. Walianza kusukumana uani, wakaangukiana kwenye zizi la nguruwe, na sista mpishi akawatoa kwa fagio. Nimewaambia tunamwombea "askofu wetu", Mungu anajua ni nani.

Lakini sasa sitanii. Dada yetu Hille alifia mikononi mwangu na mtoto wake Eckhart kifuani. Mimi sina mwingine. Wewe una mji, una makanoni, una askari. Mimi nina huyo mmoja tu. Akikuangukia mikononi, usimwue. Naomba uniandikie kwamba hutamwua.

Dada yako, Jutta


Alsterode, baada ya Sikukuu ya Kupaa

Jutta, mdogo wangu,

Hukuniamini, sasa tazama. Anakuja kwako akiwa hai.

Tuliwapiga watu wa Volkmar kule Odenhagen. Waliteremka kutoka kilimani wakipiga kelele, na wapiga mishale wangu walikuwa wamejilaza nyuma ya ukingo wa mto. Farasi wa mbele walianguka, wa nyuma wakawakanyaga, na baada ya hapo ilikuwa kazi ya marungu na visu. Nilikuwa katikati na deraya juu ya kanzu yangu. Usiniulize kama nilipiga mtu. Nyumba ya kinu cha maji ya Odenhagen ilikuwa na ngano yao, tukaichoma. Usiku kucha mto ulimeta.

Eckhart tulimpata chini ya farasi wake aliyekufa, mshale umemwingia pajani, akitutukana. Henneke Stolle alitaka kumnyonga pamoja na wengine kwenye mwaloni. Stolle unamjua, hakimu wangu wa damu: sisi mapadre haturuhusiwi kumhukumu mtu afe, kwa hiyo askofu huweka mlei wa kumfanyia kazi hiyo, na yeye huipenda kazi yake. Nikasema hapana. Nikaleta sanduku la mifupa ya Mtakatifu Pankrasi, nikamwambia, "Mpwa wangu, inua vidole uape, urudi kwa mama yako mdogo ukale supu."

Aliapa. Aliweka mkono wa kushoto juu ya sanduku, akainua vidole viwili vya kulia, akasema hatalipiza kifungo chake na hatainua silaha dhidi yangu maisha yake yote. Unajua sheria yetu: anayevunja kiapo cha kutolipiza hupoteza vidole alivyoapia, kisha kamba. Stolle alisimama pale akimtazama kama mtu anayetazama nyama iliyoondolewa mezani.

Mtunze. Mfungie ndani ikibidi.

Gerlach, Askofu


Lindenborn, siku ya Kuzaliwa Yohane Mbatizaji

Kaka,

Hukuniambia kwamba kinuni mlikuwa na watu.

Eckhart ameniambia. Alipopata homa ya jeraha alikuwa akiyapigia kelele majina yao, mke wa msagaji na binti zake, waliokuwa wamejificha juu ya magunia. Anasema walipiga ubao wa dirisha kwa ngumi na askari wako waliuegemea kwa nje. Mimi nilifurahi kwa ajili ya barua yako ile! Niliisoma kwa masista wakati wa chakula, nikasema kaka yangu ana huruma. Naona aibu mpaka sasa.

Sasa sikiliza jambo baya zaidi. Ameondoka.

Paja lilipopona alikuwa akinisaidia na mizinga ya nyuki, anacheka, anakula kama farasi. Ndipo akafika mtu wa Volkmar na tamko lenye mhuri: kwamba viapo vyote walivyoapa watu mbele ya askofu bandia Gerlach si viapo, na kwamba Volkmar, askofu wa kweli, anawafungua wote kwa uwezo wake wa kufunga na kufungua. Eckhart akanijia jikoni. Akaniuliza, "Mama mdogo, anaweza kweli?" Nilikuwa na unga mikononi na wagonjwa wawili wananingoja. Nikamjibu, "Kama yeye ni askofu, anaweza. Askofu hufungua viapo." Nilijibu swali lililoulizwa. Sikumtazama usoni nikaona anauliza nini.

Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Ameacha ujumbe kwa sista mlinzi wa lango: kuna wasichana wa kinuni wa kulipiziwa kisasi.

Usimtafute, Gerlach. Waambie watu wako wasimtafute.

Jutta


Kressen, siku ya Mtakatifu Yakobo

Kwa Gerlach, ambaye hujiita askofu,

Nakupongeza kwa daraja la mto hapa chini ya ngome yangu. Umelichukua, na mto umekunywa watu wangu wengi, hata wengine nawaona kutoka dirishani wakielea taratibu kama wanaokwenda sokoni. Ulipigana vizuri. Sikujua kwamba mtu aliyekuwa akilia akichapwa darasani angekuja kuwa mchinjaji hodari hivi.

Nasikia umemkamata tena kijana wako. Nasikia alimwua mdogo wake Stolle kwa shoka pale darajani, akiwa na vidole vyote kumi. Masikini Gerlach! Maana sasa unajua tatizo lako, au nikueleze polepole kama mwalimu wetu alivyokuwa akikueleza hesabu?

Nilimfungua kiapo. Kama mimi ni askofu, basi kiapo kilikufa, naye ni mfungwa wa vita, mtu mwenye heshima yake, wa kubadilishwa na wafungwa wako ninaowalisha kabichi huku. Kama mimi si askofu, basi yeye ni mvunja kiapo, na sheria unaijua. Hapana njia ya tatu. Nimeitafuta kwa ajili yako, Mungu shahidi, kwa sababu kijana nampenda mimi pia. Amekua mezani kwangu.

Kwa hiyo sema tu neno dogo. Simama kwenye mimbari useme kwamba Volkmar alikuwa na uwezo wa kumfungua. Mpwa wako atakwenda nyumbani, na wewe utavua kofia hiyo ya uaskofu, ambayo hata hivyo inakubana.

Volkmar, kwa neema ya Mungu Askofu wa Alsterode


Lindenborn, siku ya Mtakatifu Ana

Kaka,

Volkmar ameniletea nakala ya aliyokuandikia. Ni nyoka, na safari hii nyoka amesema kweli.

Sema hilo neno. Nakuomba. Sikuandikii kama Mama Mkuu, nakuandikia kama Jutta uliyekuwa ukimbeba mgongoni kuvuka kijito. Uaskofu ni kiti. Ulikuwa mtu kabla ya kukikalia, utakuwa mtu ukiondoka. Njoo ukae nasi, tuna bia nzuri na paa lisilovuja sana.

Najua utasema saba waliokuchagua watakuona msaliti. Watakuona, ndiyo. Utasema watu walikufa Odenhagen na darajani kwa ajili yako. Wamekwisha kufa, kaka, hawatarudi kwa kumwongezea Eckhart. Na kama kuna kosa la kiapo, liweke kichwani mwangu. Ni mimi niliyemwambia askofu anaweza.

Mleta barua atangoja jibu. Nimemwambia asile, asilale, angoje tu.

Jutta


Alsterode, siku ya Minyororo ya Petro

Mdogo wangu,

Futa machozi. Nimeipata ile njia ya tatu ambayo Volkmar alisema haipo.

Sikulala, nilizunguka chumbani mpaka mlinzi akadhani nina wazimu. Neno lile siwezi kulisema, Jutta. Nikilisema, kila ndoa niliyoibariki, kila padre niliyempa daraja, kila mtu aliyekufa akiita jina langu, vyote vinakuwa upuuzi. Volkmar ataingia mjini na kumnyonga kila aliyenifungulia mlango. Usiniambie ni kiti tu.

Lakini sheria ina sehemu mbili, vidole na kamba. Nimemwita Stolle nikamwambia, "Sehemu ya kwanza itimize. Ya pili iache." Alinuna, kwa sababu ya mdogo wake, lakini akainama akasema, "Kama Baba Askofu anavyotaka." Sheria imeheshimiwa, mimi bado ni askofu, na mtoto yu hai. Vidole viwili, Jutta! Watu hupoteza zaidi ya hivyo kwa panga la kukatia majani ya ng'ombe.

Sikuwepo uwanjani. Kwangu ni haramu kutazama damu ikimwagwa na hakimu. Nilikuwa kanisani naimba masifu ya jioni, na niliimba kwa sauti kubwa. Kesho mkokoteni utakuletea. Mwambie mjomba wake alifanya alichoweza.

Kressen nimeizunguka. Wameanza kula farasi. Kabla ya mavuno kwisha kutakuwa na askofu mmoja.

Gerlach, Askofu


Lindenborn, siku ya Mtakatifu Laurenti

Gerlach,

Uliandika vidole viwili. Aliyeletwa kwangu hakuwa na kiganja.

Stolle aliukata mkono juu ya kifundo, na si kwa pigo moja. Dereva wa mkokoteni aliona. Anasema Stolle alimnyang'anya mnyongaji shoka akafanya mwenyewe, na kila pigo alitaja jina la mdogo wake. Eckhart alikuita. Aliita "Mjomba! Mjomba!" mpaka sauti ikakauka, na watu uwanjani walikuwa wakikusikia wewe ukiimba. Ungetoka ungeona. Hukutoka.

Walichoma kidonda kwa lami, wakamlaza kwenye majani machafu, juani, njia nzima. Alipofika mkono ulikuwa umeshavimba hadi begani na rangi yake sitakuandikia. Sista wa dawa alikata zaidi. Nilimshika kichwa. Hakunitukana, hakukutukana, aliuliza tu kama ni kweli amevunja kiapo, kama ataingia motoni. Nilimwambia hapana. Akaniuliza, "Nani amesema?" Nikakosa jina la kumtajia, Gerlach. Alikufa akiwa na hofu hiyo.

Halafu akaja padre wako wa Odenhagen na amri yenye mhuri wako: mvunja kiapo hazikwi katika ardhi iliyobarikiwa. Najua hukuiandika kwa ajili yake, ni amri yako ya tangu masika kwa wote. Alikuwa analia alipoisoma, lakini aliisoma. Tumemzika nje ya ukuta, palipo na vichanga wasiobatizwa na yule mwanamke aliyejitupa kisimani. Mama yake Hille yuko ndani, makaburini, chini ya mti wa mlinzari. Ukuta umewatenganisha, mama na mwana, kwa sababu ya neno lako moja.

Ulikosa ujasiri wa kulisema akiwa hai. Sijui kama una ujasiri wa kulisema sasa, na sikuombi. Nilishaomba.

Jutta


Alsterode, mkesha wa Kupalizwa Maria

Kwa Volkmar huko Kressen,

Walinzi wangu wataipitisha barua hii ikufikie, na nakala yake itasomwa kesho kwenye mimbari, mbele ya watu wote, na mimi ndiye nitakayeisoma.

Mimi Gerlach nakiri kwamba siku ulipomfungua Eckhart kiapo chake ulikuwa na uwezo wa kumfungua. Hakuvunja kiapo. Alikufa bila hatia hiyo, na aliyemwua ni mimi, si Stolle, kwa kuwa Stolle nilimtuma mimi huku nikijua moyo wake. Amri yangu juu ya maiti za wavunja viapo haimhusu.

Unajua maana ya maneno haya, huna haja ya kunieleza polepole. Una farasi wachache waliobaki, wiki moja zaidi ningekutoa humo ukitambaa. Mizinga yangu nimeiamuru inyamaze. Kiti ni chako.

Nakuomba jambo moja na sina cha kukulipa: usiwaguse makanoni wangu saba na watu wa mji. Walinifuata mimi tu. Mimi natoka leo kwa miguu, nitakuwa kwa padre wa Odenhagen, karibu na pale palipokuwa na kinu. Ukinitaka utanipata hapo.

Gerlach


Lindenborn, siku ya Mtakatifu Bernardo

Kaka,

Neno lako limefika. Padre wa Odenhagen alilileta mbio, kanzu kaishika mkononi, akalisoma uani mbele ya masista wote. Niliketi chini kwenye mawe. Nilitaka kukuchukia kwa miaka mingi, nilikuwa nimeshajiandaa.

Lazima ujue ya mjini. Volkmar aliingia juzi. Stolle ananing'inia langoni, amefungwa kwa miguu, na hakunyongwa kwanza. Kati ya wale saba, watatu wametupwa mtoni ndani ya magunia, akiwamo mzee Tilmann na sikio lake bovu, wengine wamekimbia. Barabara ya soko imechomwa. Wanaokupita njiani watakutemea mate, na mtu aliyempoteza mtoto wake jana atakuwa na haki ya kukutemea. Sikufichi. Ulilisema neno la kweli siku ambayo lilikuwa limeshapanda bei, na waliolipa ni wengine. Utaishi na hilo, nami nitakusaidia kuishi nalo.

Tumemfukua Eckhart. Mimi na masista wawili wenye nguvu, kwa majembe ya bustani. Sista mmoja alitapika, akajifuta, akaendelea kuchimba. Jeneza tumelipitisha langoni mpaka chini ya mlinzari, na kaburi limechimbwa ubavuni mwa Hille, lipo wazi.

Watu wa Volkmar wanapita barabara kuu kila siku, hivyo pita msituni, upande wa wachoma makaa. Usije na kitambaa cha padre shingoni, wala usifikirie cha kuniambia. Jeneza ni zito na masista wangu wamechoka, tunahitaji mtu wa kushika upande wa kichwa. Njoo upesi, kaka, maana joto ni kali.

Jutta